Programu ya kutamka maneno ya anatomia: nyota tatu, na moja ameipata binti yangu

Nimeilipia miezi mitatu na leo ni siku ya 71 naitumia, kwa hiyo nisemayo hapa si ya mtu aliyeifungua mara moja akaifuta. Ni programu ya simu ya kufundisha kutamka maneno ya kitabibu. Unaandika neno, inalikata vipande, inalisoma kwa sauti, kisha inakueleza kila kipande kina maana gani. Jina lake silitaji, maana nina malalamiko nayo na walioitengeneza hawapo hapa kujitetea. Kifurushi cha miezi mitatu ni shilingi 18,000, nililipa kwa simu. Kwa mwanafunzi hiyo ni hela. Ni chai na maandazi ya wiki mbili na chenji inabaki.

Mimi ni nesi wa cheti. Nimefanya kazi zahanati miaka 11, na mwaka jana nikarudi chuoni kuchukua diploma nikiwa na miaka 38. Ni mtu wa Pangani niliyeolewa Mwanza. Darasani wenzangu wengi wana miaka 20, 21, wananiita shangazi, nami nimeridhika, kwa sababu shangazi huachiwa kiti cha mbele na huulizwa kama amekula. Ubaya wake ni kwamba shangazi akikosea, kicheko chake huwa kikubwa zaidi.

Siku hiyo tulikuwa maabara na mwalimu ameshika sanamu ya plastiki, kichwa na shingo, ngozi imebanduliwa, misuli imepakwa rangi nyekundu kama nyama ya buchani. Akaweka kidole kwenye ule msuli mnene unaokatiza shingo kwa mshazari. "Mama, huu unaitwaje?" Naujua. Naujua vizuri, nimeusoma usiku kucha. Kwenye kitabu umeandikwa sternocleidomastoid, herufi 19, na mimi nikausoma kama nilivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza, kila herufi na haki yake: "Ster-no-klei-do-ma-sto-i-di."

Mwalimu, kijana mpole tu, akasema, "Klai, mama. Klai, si klei. Na usiimalizie na i." Nyuma kule mtu akacheka, mwingine akapokea. Jioni kijana mmoja wa hosteli, kwa huruma au kwa kutubu, akanionyesha hii programu.

Niliandika lile lile neno la kwanza kabisa, kwa hasira. Skrini ikaleta hivi: stern·o·cleid·o·mas·toid. Chini yake imeandikwa: silabi 6. Nikabonyeza alama ya spika, mwanamume wa Kimarekani akalisema kwa pumzi moja kama anataja jina la mtaa wao. Nikabonyeza tena, na tena. Kuna kitufe cha polepole, lakini msikitegemee: sauti ni ya mashine, na ikipunguzwa kasi inakuwa kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi haijaisha. Kuna sauti ya mwanamke wa Kiingereza pia, na huyo ndiye niliyemchagua, kwa sababu Mmarekani anaizungusha r kooni na mimi r ya namna hiyo sina. Mwanamke haitamki kabisa pale, kazi inapungua.

Hapo kwenye "ster" programu haisaidii, nikajisaidia mwenyewe. Ile irabu ya Kiingereza hatuna, wala hatujawahi kuwa nayo. Babu zetu walipoletewa shati na sketi, irabu ya Kiingereza ilikuwa ni hiyo hiyo moja kwenye maneno yote mawili. Kwenye shati wakaisikia kuwa a, kwenye sketi wakaisikia kuwa e. Na mimi mwenyewe nimekuwa nesi miaka yote hii kwa irabu hiyo hiyo. Kwa hiyo anayesema "sta-no" na anayesema "ste-no" wote wametoka nyumba moja, wasichekane. Mwalimu wetu mwenyewe husema "stano". Nimemsikia kwa masikio yangu.

Tatizo kubwa lilikuwa jingine, nikalijua kwenye kile kipengele cha kujirekodi. Unalisema neno, programu inakupa asilimia. Mara ya kwanza 38. Mara ya pili 44. Nikatoka nje kwenye kibaraza nikalisema kwa sauti kubwa mpaka jirani akachungulia, nikapata 41. Binti yangu yuko darasa la pili, ana miaka minane. Alikuwa anamenya viazi, akaniomba simu, akasikiliza mara mbili, akasema. Asilimia 90. Hajui sternum ni nini, hajui Kiingereza cha maana, hajui hata kama ni msuli. Yeye alimwiga yule mama wa kwenye simu kama anavyomwiga mwalimu wake wa zamu, pamoja na maringo. Mimi nilikuwa nasoma herufi.

Basi nikamsikiliza binti badala ya kuisikiliza mashine, nikaona wapi tunaachana. Sisi Waswahili uzito wa neno tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ni machache tu yanayokaidi. Mnaikumbuka barabara? Ukiikazia pale pa kawaida ni njia ya magari; ukiikazia mapema zaidi ni barabara ya "umesema barabara". Herufi zile zile, uzito umehama, maana imehama. Sasa mimi nikiongeza ile i ya mwisho, mastoidi, ulimi wangu bila kuniuliza unaupeleka uzito kwenye i iliyo kabla ya di. Mtoto anauweka kwenye "mas", na uzito mdogo mdogo kwenye "ster" na "klai". Hiyo ndiyo asilimia 50 niliyokuwa naikosa. I yenyewe ya mwisho haina kosa kubwa. Kosa ni kwamba inaburuta uzito wa neno zima.

Dawa niliyoipata, na haimo kwenye programu: sema "mastoi-dawa". Kisha sema tena, ulimi ukishagusa meno kwa ajili ya d ya dawa, nyamaza. Usimalizie. Na "oi" iwe pumzi moja kama inavyosikika Mwingereza akisema oili. Kwa njia hiyo nilifika 77 na sijapanda zaidi, na sina haja.

Niwe mkweli pia kuhusu yale ambayo hayatupi shida, maana hawa watengenezaji wanatuona kama tuna ulimi mzito. Kuna ukurasa wa ushauri kwa "wazungumzaji wa lugha za Kibantu" unaoonya kuhusu st na kl. St? Mtu anayeshuka stendi, akaomba stakabadhi, akaenda kustarehe? Kl? Mtu aliyetoka kliniki? Na th ya thyroid ndiyo kabisa, tunayo kwenye thamani na thelathini. Huo ukurasa uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kupanda daladala na sisi.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, ambalo ndilo limekula nyota mbili. Irudieni ile mikato: stern·o·cleid·o·mas·toid. Mimi niliiangalia siku nne kabla sijaona kinachonikera. Ilinijia nikiwa nafua. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili wa sekondari, mama mmoja aliyetembea na chaki nyuma ya sikio, akiandika ubaoni: anapika. Tugawe silabi: a-na-pi-ka. Tugawe mofimu: a-na-pik-a. Kila mtu aliyefanya mtihani wa kidato cha nne amepitia hapo, na wengi tumepoteza alama hapo. Silabi ni ya mdomo, inataka kuishia na irabu. Mofimu ni ya maana, yenyewe haijali mdomo. Mzizi ni pik, ikiishia na k ni shauri yake.

Neno letu ni hivyo hivyo. Kwa mdomo ni ster-no-clei-do-mas-toid. Kwa maana ni stern-o-cleid-o-mast-oid. Vipande sita huku, vipande sita kule, ndiyo maana ni rahisi kudanganyika, lakini mipaka haikutani. Programu mwanzo wa neno imekata kwa maana, stern, o, cleid, o, halafu ilipofika mwishoni ikageuka ikakata kwa mdomo, mas, toid. Yaani imeanza kupima kitambaa kwa pima ikamalizia kwa mita. Na juu yake imeandika neno moja tu, silabi. Mtu akisoma "stern" kama silabi atafunga mdomo kwenye n, ndipo afungue tena kwa o, anagugumia. Nimewasikia wenzangu wawili wakigugumia pale pale, na wote wanaitumia.

Nimejaribu maneno mengine kuona kama ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Gastroenteritis imeikata sawa kwa maana na kuiita silabi. Thyroid imeikata sawa kwa silabi, thy na roid, na kuiita asili ya neno. Mkono mmoja uliingiza haya, mwingine yale, na hakuna aliyepita kukagua.

Ile o ya katikati nayo wameionea. Wameandika "o: haina maana", basi. Kweli maana haina, lakini ina kazi, ni uzi wa kushonea. Kuna sehemu nyingine wanatoa kanuni kwamba o hiyo huondoka kipande kinachofuata kikianza na irabu, ndiyo maana ni gastr-itis lakini gastr-o-skopi. Sawa kabisa, kwa kiishilio kama itis. Lakini mizizi miwili ikikutana, o inabaki hata mbele ya irabu, na mfano tunao kila siku: gastroenteritis. Nimeiandika neno hilo kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za zahanati, mara ngapi sijui, kila msimu wa mvua, mtoto kwa mtoto, na o yake ipo mbele ya e, haijaondoka. Programu inayouza kanuni ingemwambia mtu na hilo.

Maana za vipande ndizo zilizonifanya nisiifute. Nilipochagua Kiingereza, kila kitu kikakaa sawa: stern ni kifua, mfupa wa kidari, cleid ni ufunguo, ndio mtulinga, mast ni titi, oid ni umbo, kitu kinachofanana na. Yaani msuli unaotoka kidarini na kwenye mtulinga ukaenda kushika kile kifundo cha mfupa nyuma ya sikio, ambacho Wagiriki walikiona kama titi. Weka kidole nyuma ya ndewe ya sikio lako, shuka kidogo, utakigusa. Kimeinamia chini kweli. Neno zima ni ramani: huku msuli unakoanzia, kule unakoishia. Mtu akilielewa hivyo, swali la "unashika wapi?" halihitaji kukariri, jibu limo kwenye jina.

Lakini mimi kwa ujinga nilibadilisha lugha ya programu nikaweka Kiswahili, nikidhani itakuwa rahisi. Mast ikawa "mlingoti wa meli". Nikasoma: msuli wa kifua, ufunguo, mfano wa mlingoti. Mtu wa Pangani nimeona milingoti, nikakaa hapo najaribu kuuona mlingoti nyuma ya sikio. Mshipa wa carotid ukawa "wa karoti". Carotid ni kutoka neno la Kigiriki la usingizi mzito, kwa sababu watu wa kale walijua kwamba ile mishipa miwili ya shingoni ikibanwa mtu hupotewa na fahamu. Karoti haihusiki kabisa. Ni wazi hakuna Mswahili aliyeisoma kabla haijauzwa. Ukiinunua, iache kwenye Kiingereza.

Na ukiwa huko huko, fungua orodha ya maneno ya -oid. Hiyo sehemu ningeilipia peke yake. Nilikuwa naona maneno haya kama adhabu, kumbe ni mtu aliyepita jikoni na ufukweni akipachika majina. Thyroid ni mfano wa ngao, ile ngao ndefu kama mlango. Xiphoid, ile ncha ya chini ya mfupa wa kidari, ni upanga. Coracoid ni mdomo wa kunguru, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mdomo wa kunguru ulivyopinda. Scaphoid, kamfupa ka kwenye kifundo cha mkono, ni mtumbwi. Ethmoid ni chujio. Ndani yake kuna kisahani cha mfupa chenye vitundu vitundu vya kupitishia mishipa ya kunusia, na mimi siwezi kukiona bila kuona kifumbu cha kukamulia nazi. Arytenoid, vigegedu viwili vidogo vya kwenye koromeo la sauti, ni kata ya kuchotea maji. Kata! Mwanafunzi mwenzangu wa miaka 20 kutoka mjini akaniuliza kata ni nini, nikamwambia kaa hapa, leo shangazi anafundisha.

Pterygoid wameisoma vizuri, p haisikiki, "terigoidi". Ni mfano wa bawa. Na hapo ndipo nilipojua kwamba helikopta haikatwi heli na kopta kama tunavyodhani. Ni heliko na pter, bawa lile lile, la kuzunguka. Kwenye helikopta p inatamkwa kwa sababu ina irabu nyuma yake ya kuegemea, kwenye pterygoid iko peke yake mlangoni, Mwingereza akaimeza. Hili la helikopta programu ilileta mfano tu, maelezo nimeunga mwenyewe.

Kuhusu hiyo oid yenyewe, nina neno moja la kuitetea ndimi zetu. Mwezi uliopita alikuja kupima presha padri mmoja wa Kiorthodoksi, Mtanzania, kutoka upande wa Bukoba ambako wapo wengi. Alisoma Ugiriki. Nilikuwa kwenye mazoezi ya vitendo, nikaona nafasi ndiyo hii. "Baba, samahani, hili neno ninyi mnalisemaje?" Nikamwandikia kwenye karatasi. Akacheka, akaandika kwa herufi zao, kisha akasoma polepole: "ster-no-kli-dho-ma-sto-i-dhis," amekazia mwisho kabisa. Silabi nane. Dh kama ya dhahabu. Akatia mkono kwenye kanzu akatoa funguo za nyumba yake, akazitikisa: "Klidhi. Ufunguo ni klidhi."

Kwa hiyo Mwingereza anasema klai, Mgiriki wa leo anasema kli, mimi nilisema klei nikachekwa, na wanaojua Kigiriki cha kale wanasema ile ei enzi hizo ilikuwa karibu na e ndefu. Sisemi nilikuwa sahihi. Mtihani ni wa Kiingereza, jibu ni klai. Nasema tu kwamba kwenye hiki kicheko mwenye neno lake hakuwepo. Na ile oi ambayo mimi naitenganisha, "sto-i", padri naye ameitenganisha vile vile, kwa sababu kwao ni o ya kuungia kisha eidos, umbo, maneno mawili yaliyoshonwa. Mwingereza ndiye aliyeyabana yakawa pumzi moja. Programu haina hata mstari mmoja juu ya hili, inasema oid basi, kama vile o ilizaliwa nayo.

Kosa jingine dogo: imeliandika neno hili kuwa nomino peke yake. Mwalimu alitufundisha kwamba ni kivumishi kilichozoea kusimama peke yake. Jina kamili la Kilatini linaanza na musculus, msuli, halafu sternocleidomastoideus, kueleza msuli gani; Waingereza wakaudondosha msuli wakabaki na sifa. Kama sisi tunavyosema "yule mrefu amekuja?" na mtu hajatajwa. Ukilijua hilo hutashangaa ukikuta limewekwa mbele ya mshipa au eneo la shingo, linafanya kazi yake ya kivumishi.

Bando: kila sauti inapakuliwa upya usipobonyeza "hifadhi", na hicho kitufe kimefichwa. Wiki ya kwanza ilinimalizia GB 1 sijui imeendea wapi. Matangazo hakuna, nawashukuru. Simu yangu ni ya zamani na haijagoma.

Je, imenisaidia kazini? Kidogo, kwa mzunguko. Siku moja kliniki ya watoto mama alileta kichanga, shingo imepinda: kichwa kimelalia kulia, kidevu kinatazama kushoto. Nikajua niguse wapi, upande wa kulia, kwa sababu msuli wa kulia ukijikunja huinamisha kichwa kulia na kuugeuza uso kushoto. Nikausikia umekaza kama kamba, na kivimbe kidogo ndani yake. Nikaandika barua ya rufaa na jina la msuli nikaliandika bila kufungua kitabu, stern, o, cleid, o, mast, oid, nikiwa nalishona kipande kwa kipande. Mama akauliza, "Nesi, mtoto wangu ana nini?" Nikamwambia msuli wa shingo umekaza upande mmoja, wenzetu wa viungo watamnyoosha. Hakuna aliyehitaji klai wala klei pale.

Na kwenye daladala siku hizi siwezi kutulia. Konda anasimama mlangoni, uso ameugeuzia kushoto anaita abiria, na upande wa kulia wa shingo yake ule msuli unatoka wote, kutoka nyuma ya sikio mpaka kwenye kidari, na chini kabisa unauona umegawanyika vichwa viwili, kimoja cha kidari kimoja cha mtulinga. Hakuna sanamu ya plastiki inayofikia hapo. Juzi nimemkodolea macho mmoja mpaka akaniuliza, "Mama, kuna nini, nimekosea chenji?"

Mtihani wa vitendo ulikuwa Jumanne iliyopita. Kituo cha nne, sanamu ile ile, kidole cha mwalimu mahali pale pale. Nikasema vizuri, uzito kwenye mas, d imekatwa. Akaandika kitu, hakuinua uso. Nikabaki nasubiri angalau kicheko.

Kifurushi kinaisha baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Sitakilipia tena mpaka wajue kutofautisha silabi na mofimu, na mpaka wautoe ule mlingoti nyuma ya sikio la watu. Binti amechukia. Amefika asilimia 96 na amesema anataka 100 kabla hawajaifunga, kwa hiyo jioni simu ni ya kwake, na nyumba nzima mpaka baba yake sasa wanasema klai.